Tak! Upande wa Kulia

Jumatatu, 2 Julai 1979

Kwa jina la Mungu aliyeumba jua na nyota, akavizungusha pasipo mlio wowote. Kwako wewe utakayeikuta shajara hii baada ya siku zangu, uwe ndugu katika Bwana au mjukuu wangu mwenyewe, salamu nyingi. Ni mimi Mzee Kisilu, mtunza funguo wa kanisa letu hapa karibu na Tawa.

Nimeshtuka. Baiskeli yangu inalia!

Nayo si baiskeli ya hivi hivi. Ni ya mashindano. Nyembamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, gia tano nyuma. Niliachiwa na mwalimu mgeni aliporudi kwao. Jumapili hii washiriki wanachagua mzee wa matawi, atakayezungukia makanisa madogo ya vilimani. Tumebaki wawili, mimi na Mzee Kivuva. Yeye ana baiskeli nyeusi yenye uzito wa kitanda cha chuma. Nilihesabu nimekwisha kushinda.

Baridi imeingia. Leo nimetoa koti langu zito sandukuni. Nikapanda, nikakanyaga. Kila pedali ya kulia ilipopanda juu: tak! Nikiacha kukanyaga, kimya. Nikikanyaga, tak! Kivuva alikuwa kando ya njia. Akaniuliza, kwa upole usio wa kweli, kama nimefunga kengele ya kuwaita waumini.

Ah! Nilisimama nyuma ya ua, nikavuta dawa yangu ya kichwa kidogo. Nikatulia.

Jumanne, 3 Julai

Asubuhi kikao cha wazee. Tulithibitisha kwamba Mama Kalondu aendelee kukaa benchi la nyuma hadi Septemba, kwa kosa la kuuza ugoro sokoni. Mimi ndimi niliyeisoma hukumu. Niliisoma kwa uchungu mwingi. Wengine walisinzia.

Baada ya hapo nilitafakari. Kitu kinacholia kikikanyagwa tu, kina kiu. Hivyo cheni imekauka. Mafuta ya mashine sina. Nilichukua mafuta ya kupikia ya mke wangu Nzilani, nikapaka cheni yote kwa unyoya wa kuku.

Tak! Kama jana. Na mbwa! Mbwa wanne walinifuata hadi kwenye maombi ya akina mama, wakiramba cheni nilipoiegemeza baiskeli ukutani. Mchungaji Mutie alisimama katikati ya sala, akaniomba kwa heshima niwaondoe wenzangu.

Wenzangu!

Jumatano, 4 Julai

Kwa fundi Ndeti, sokoni. Ni kijana wa miaka arobaini, mwenye dharau ya asili. Aliipindua baiskeli, akazungusha pedali kwa mkono. Kimya. Alifungua pedali ya kulia, akazihesabu gololi, akatia grisi, akaikaza kotapini inayoshika mkono wa pedali. Akaipanda mwenyewe, akaenda hadi posho mili ya kusagia mahindi na kurudi. Kimya!

Nikapanda mimi. Tak!

Ndeti alikuna kichwa. Akaniambia mbele ya watu kwamba, mzee wangu, usinichukie, lakini kelele hii unakuja nayo wewe. Akauliza kama magoti yangu ni mazima. Wanawake wa mboga walicheka hadi nyanya zikabiringika.

Sijapata kusikia ufidhuli wa namna hiyo tangu nibatizwe. Niliona mara moja: Kivuva amekwisha kumwona huyu kwa pesa.

Alhamisi, 5 Julai

Ugunduzi! Nikisimama juu ya pedali, mlio unakoma. Nikikaa, tak! Basi kosa liko kwenye kiti. Nilikifungua, nikakivisha shuka ya Nzilani, nikakirudisha. Tak! Nikaamua kusafiri nimesimama mpaka Jumapili ipite.

Nina miaka sitini na mmoja.

Nzilani alirudi kisimani na habari. Aliniambia, Baba Ndunge, watu wanauliza nani anakufukuza. Walikuwa wameniona mteremkoni, nimesimama, koti limetanda nyuma kama mbawa, wakadhani ni nyuki. Pia aliuliza habari za shuka yake. Nilimwambia ni kazi ya Bwana. Hakuridhika.

Magoti yamevimba. Dawa ya kichwa mara tatu.

Ijumaa, 6 Julai

Mpango mkubwa. Nilimwendea Kivuva kwa uso wa upendo. Nikapendekeza, kwa ajili ya ushirika, tubadilishane baiskeli hadi mtoni na kurudi, kila mmoja aonje mzigo wa mwenzake. Nia yangu ilikuwa alie yeye mbele ya kijiji kizima.

Alikubali upesi mno. Akapanda yangu. Ikateleza kama hua! Hakuna mlio. Alipiga hata mluzi.

Nami juu ya kitanda chake cha chuma: tak! Tak! Tak!

Kivuva alipunguza mwendo akaniambia, ndugu mzee, hiyo yangu haijalia tangu niinunue, umeifanya nini? Mimi! Sasa mambo yako wazi. Mtu huyu ana njia ya kuutoa mlio kwenye chuma kimoja na kuutia kwenye kingine. Tuliporudishiana, mlio ulirudi nami.

Jioni nilimwandikia Mchungaji mashtaka, kurasa tatu. Nimeomba yasikilizwe hadharani, kabla ya kura, na fundi awepo.

Jumapili, 8 Julai

Baada ya ibada, washiriki wote uwanjani, mabenchi yametolewa nje. Mchungaji alisoma mashtaka yangu, kurasa zote tatu. Akaniomba niendeshe. Nikazunguka kanisa. Tak, tak, tak! Nikawatazama watu kwa ushindi.

Ndeti akaja mbele, mikono mgongoni. Akasema, mzee wangu, vua koti. Nikakataa kwa sababu ya baridi. Mchungaji akasema, Mzee Kisilu, vua. Nikavua. Nikazunguka. Kimya! Ndeti akanirudishia koti, nikavaa, nikazunguka. Tak!

Akatia mkono katika mfuko wangu wa kulia, bila kuomba ruhusa. Akatoa funguo za kanisa. Kisha kopo dogo la bati. Akavionyesha watu: kila paja likipanda, kopo linagonga funguo. Tak.

Mchungaji alilifungua kopo. Akapiga chafya. Akapiga tena. Ya tatu iliangusha miwani.

Nikasema ni dawa ya kichwa. Mama Kalondu akapaza sauti kutoka nyuma kwamba hata yeye aliwaambia wazee hivyo hivyo, wakakataa. Kisha akasogea kwenye benchi lake, akalipangusa kwa leso, akaniambia, karibu, mzee, nafasi ipo.

Funguo nimenyang'anywa. Kopo wamelitia motoni. Nyuma hadi Oktoba. Kivuva amechaguliwa kwa mikono yote, hata wa Nzilani. Nimeuona!

Jumatatu, 9 Julai

Bwana ni mwema. Leo baiskeli haikulia hata kidogo! Nimeelewa yote. Kosa lilikuwa kwenye funguo. Chuma chake ni kibaya. Nimemwandikia Mchungaji, kurasa mbili tu, apeleke funguo za kanisa zikaguliwe na fundi aliye mwaminifu, na kura iliyomchagua Kivuva ifutwe, tupige upya.

Kopo jipya nimelipata kwa Kalondu. Yeye hana kinyongo. Nimeliweka ndani ya soksi ya kushoto, mbali kabisa na mfuko.

Jioni nilipokuwa nikirudi, jambo la ajabu. Kila mguu wa kushoto unaposhuka: tik!

Kesho naikaza kotapini ya pili. Nimemwona Kivuva akipita karibu na baiskeli.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu aibariki nyumba yako, mkeo na wanao, aijaze ghala yako, na akuepushe na mafundi.