Kambi ya Mazoezi Kwenye Chai ya Mama

Jumatatu, Novemba 4

Mama amepanda bodaboda asubuhi kwenda Embu mjini. Dada yangu amejifungua. Mama anarudi Jumapili. Chai yote ameniachia mimi, Mutugi! Umri miaka ishirini na miwili, elimu kidato cha pili (sikuendelea, walimu walikuwa wamebaki nyuma).

Kabla ya kuondoka akatoa tangazo, tena mbele ya binamu yangu Nyamu, makusudi kabisa. Nikiitunza chai vizuri wiki hii, shamba la chini ni langu. Nikiiharibu, shamba la chini ni la Nyamu. Nyamu akatabasamu. Huyu ni mtu wa kuosha viatu vyake vya gambuti kila jioni. Mtu anayeosha gambuti anaficha kitu.

Nimechuma saa moja nzima. Mgongo umelia kama mlango wa kanisa. Nikachungulia kikapuni: majani ya kumfunika paka, na paka mwenyewe awe mdogo. Shamba la chini nalitaka sana. Kuinama sitaki. Lazima kuna njia ya katikati, na kichwa cha kuiona njia hiyo ninacho.

Jumanne, Novemba 5

Njia imejileta yenyewe, kwa pikapu!

Mzee Kathuri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Embu mjini, ameleta mabati ya kanisa letu hapa Kibugu. Kushuka tu kwenye gari akahema kama aliyabeba mabati mgongoni. Akaniambia sukari yake imepanda. Daktari amemwambia atembee. Basi yeye na wenzake wa kanisani wanazunguka uwanja wa mpira kila asubuhi, wanazunguka, wanazunguka, mpaka anajionea huruma. Eti ni kama ng'ombe aliyefungwa kamba.

Nikamwuliza kwa nini hawajafika kwenye Kambi ya Mazoezi ya Mlimani. Akauliza ndiyo ipi hiyo. Nikasema ndiyo hii ninayoiongoza mimi. Hewa ya msituni. Mteremko wa kisasa. Akauliza mazoezi gani yanafanyika. Nikaitazama chai ya Mama, majina yakaja yenyewe: Kuinama kwa Mteremko, Kunyakua kwa Vidole, Kupanda na Mzigo. Malipo hakuna, waje tu na chakula cha mchana, na cha mkufunzi.

Mzee amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Alhamisi wanakuja watu sita!

Jumatano, Novemba 6

Nimepumzika. Mkufunzi lazima awe na nguvu. Nyamu amepita mara mbili akiniuliza nachuma lini. Nimemwambia kazi kubwa hupangwa kwanza. Nimeazima vikapu vitano kwa majirani. Cha Nyamu nimekiacha. Kingekuja na maneno yake.

Alhamisi, Novemba 7, mchana

Naandika haya nimekaa juu ya kisiki na paja la kuku mkononi. Wamekuja! Viatu vyeupe, suruali za michezo, taulo shingoni. Chai ya Mama haijawahi kuchumwa na watu wasafi namna hii.

Shida ni moja tu. Sista Lydiah, nesi mstaafu, mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha wodi. Yeye kila kitu ni kwa nini. Kwa nini tuiname? Kwa nini vidole? Nikamwambia mishipa ya moyo inaishia kwenye vidole, kwa hivyo ukichuma, moyo unapigwa masaji. Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyeingiza maharagwe puani.

Halafu akaona fito. Ile fito ndefu ambayo Mama huilaza juu ya michai kabla ya kuchuma. Akauliza ni ya nini. Mimi nimeiona tangu nizaliwe, sijawahi kuiuliza swali. Nikasema ni ya mabega. Mzee Kathuri akaipokea, akaiinua juu, akaishusha, mara ishirini. Akasema kweli mabega yanasikia.

Sista akanisukuma kando, akaanza kuwaeleza watu wangu! Eti misuli ikifanya kazi inakula sukari iliyo kwenye damu. Ndiyo maana daktari anasema utembee, si kwa kukuadhibu. Na ukikaa siku sita halafu ukajiua siku ya saba, misuli inakuwa imelala na njaa haina. Bora kidogo kila siku. Na mkiinama, kunjeni magoti, mgongo haukuumbwa uwe winchi.

Mzee Kathuri alisimama na fito yake mkononi. Akasema miaka mitatu anaambiwa tembea, tembea, na hakuna aliyewahi kumwambia sukari inaenda wapi. Alidhani inatoka na jasho, ndiyo maana alikuwa akitembea na sweta mbili juani!

Wote wakamcheka, naye akajicheka. Lakini waliacha kunitazama mimi. Kambi ilikuwa inaniponyoka. Nikatangaza mashindano: wa kwanza kujaza kikapu anapata paja la kuku.

Maswali yaliisha papo hapo. Sista peke yake akauliza kama wachume hata majani makubwa ya chini, kwa kuwa yeye ni mtu wa Mbeere na kwao chai hakuna. Nikamwambia yote, mama. Jani likiwa gumu ndivyo kidole kinavyopona.

Vikapu sita vimejaa kabla ya saa saba! (Mshindi wa paja alikuwa Sista. Akasema halitaki, ana mafuta. Nimemsaidia.)

Alhamisi, usiku

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulipanda hadi kituo cha chai kwa mstari, kila mtu na kikapu chake mgongoni, mimi mbele na filimbi. Watu walitoka nyumbani kututazama. Nilijiona gavana.

Karani wa kituo ni Wawira. Tulisoma darasa moja na bado anakumbuka. Akamwaga kikapu cha kwanza kwenye meza ya kuchagulia. Akaniuliza mbuzi wetu wako wangapi, maana hiki ni chakula chao. Akaokota jani moja, pana kama kiganja, gumu kama ngozi, akamwonyesha kila aliyekuwa kwenye foleni. Chai ni majani mawili na chipukizi, akasema, tena polepole, kama anafundisha chekechea. Akamwaga cha pili. Cha tatu. Akavikataa vyote sita!

Na nani alikuwa nyuma yangu kwenye foleni? Nyamu. Kikapu chake laini, kijani, unaweza kukilalia. Akajitolea kutusaidia kuchagua. Kwenye vikapu sita alipata konzi mbili za majani yanayofaa.

Mzee Kathuri, jasho likimtiririka, aliniuliza kwa imani kabisa kama tumeshinda.

Ijumaa, Novemba 8

Nimeenda kuangalia shamba la chini, tulikochuma jana.

Uuuwi!

Si michai tena. Ni kuku aliyenyonyolewa. Mistari minne mizima, vijiti vitupu vinatazama mbinguni.

Nyamu akatokea bila kuitwa. Akaeleza bila kuulizwa. Unalaza fito juu ya michai, unachuma kilichochomoza juu yake tu. Chini ya fito hapaguswi, hayo ndiyo majani yanayoulisha mchai mpaka utoe chipukizi zingine. Ukiyatoa, umewanyima chakula mtoto na mama yake. Nikamwambia najua. Akasema haya. Ile haya yake imeniuma kuliko kofi.

Jumamosi, Novemba 9

Akili imerudi. Nimekata matawi ya ua wa jirani, nikayachomeka katikati ya vijiti, mistari yote minne. Kazi ya saa tano, jua kali, bila msaada. Ningechuma kwa saa hizo ningekuwa nimemaliza, lakini hilo si hoja. Ukisimama barabarani na kufumba jicho moja, ni chai kabisa! Hata kijani chake kinaipita chai.

Jumapili, Novemba 10

Matawi yalianza kunyauka saa nne. Mama alifika saa sita.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo baya. Alisimama pembeni mwa shamba na mkoba wake bado begani, akachomoa tawi moja, akaligeuzageuza, akalirudisha pale pale taratibu. Kisha akaniuliza, Mutugi, fito ni ya nini?

Hapo niling'ara! Nikamjibu neno kwa neno, mpaka habari ya mtoto na mama yake. Hata Nyamu, aliyekuwa amemfuata Mama shambani, alishangaa.

Mama akasema, kumbe ulikuwa unajua.

Nikampokea mkoba.

Shamba la chini ni la Nyamu. Mimi nitambebea vikapu hadi kituoni, kila siku ya kuchuma, mpaka mistari ile minne ichipuke tena. Mama amesema ni miezi. Nyamu amesema pole, na nadhani alimaanisha. Mtu mbaya sana.

Jumatatu, Novemba 11

Nimebeba vikapu viwili. Mlima ule una roho mbaya. Wawira ameniita mkufunzi mbele ya watu.

Lakini jioni simu imelia. Mzee Kathuri! Anatembea kila siku sasa, kidogo kidogo, bila sweta. Amepanda ngazi za duka lake bila kusimama katikati. Chai hatachuma tena, aliona uso wa karani. Ila wenzake wanauliza kama kambi ina zoezi lingine.

Nikamwambia lipo, la daraja la pili: Kupanda na Mzigo, peke yake, bila kuchuma. Vikapu watavikuta vimejaa tayari.

Nikasikia Sista Lydiah akimnyang'anya simu. Akauliza kwa nini mtu atoke Embu mjini kuja kubeba kikapu cha mtu mwingine. Nikamwambia swali zuri, mama, kambi hii haifanyi jambo bila sababu, nitawaletea kwa maandishi.

Nimekaa mezani tangu saa moja. Sababu zimefika kumi na mbili. Tatu ni za kweli.