Kilo Kumi za Mtoto wa Wenyewe

Leo nimejiaibisha kliniki nzima ikitazama. Nimefika nyumbani hapa Gatitu, nimefunga mlango, na masikio bado yananiwaka. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine.

Mnajua binti yangu Wangechi ana miezi minane. Na mnajua amepewa jina la mama mkwe, vile desturi inataka. Sasa huyo bibi yake, Cucu wa Othaya, alikuja Jumapili, akamshika mkono, akamgeuzageuza kama mtu ananunua kuku.

"Huyu mtoto amekonda. Na ako na jina langu! Kliniki wakisema hajaongeza kilo, namchukua nikae naye kwangu mpaka anone."

Mume wangu alikuwa anakunywa chai. Akaendelea kunywa. (Ndiyo, nimekasirika. Bado.)

Usingizi ukaisha tangu siku hiyo. Leo asubuhi mhubiri kwa redio akasema kile unachokusudia moyoni ndicho macho yako yataona. Basi nikakusudia kilo. Kilo tu! Nikamvalisha Wangechi sweta mbili, kofia ya sufu ya marvini mpaka kwenye nyusi, na ile shali ya manjano iliyojaa kila kibanda cha mitumba mjini. Baridi ya Nyeri mnaijua. (Sawa, nguo pia zina uzito. Msinihukumu.)

Kliniki, foleni ndefu. Watoto waliolala tuliwalaza kwenye kitanda kando ya mizani. Kila mama aliyenitazama nilimwona anasema moyoni, "Ona huyu amekondesha mtoto." Mmoja akanitabasamia, nikamkunjia uso. Nikainama kutafuta kitabu cha kliniki kwa mkoba.

"Mwingine! Haraka!" sista akaita.

Nikanyakua mtoto.

"Mvue shali, mama."

"Sista, amelala, na ana mafua! Unataka nimuue na baridi?"

Akachoka na mimi. "Haya, muweke hivyo. Nitatoa uzito wa nguo."

Mshale wa mizani ukapanda. Ukapanda tena. Kilo kumi!

"Mwezi uliopita alikuwa saba," sista akasema, akikagua kile kitabu. "Kwani unamlisha nini?"

Nilikusudia, nikaona! Nikageukia foleni nzima bila kuulizwa na mtu. "Ni uji na parachichi, kina mama. Na bidii! Wengine mnapea watoto chai ya rangi halafu mnashangaa." (Hayo maneno nimesema mimi. Kwa kinywa changu.)

Nikampigia Cucu, nikaweka simu sauti ya juu ili wote wasikie.

"Mama, kilo kumi! KUMI!"

"Ati kumi? Hebu msongeze hapo nimsikie."

Kelele zangu zilikuwa zimemwamsha mtoto. Akalia. Sauti nzito, kama ya mwenyekiti wa kamati ya mazishi.

Halafu Cucu akasema polepole, "Mama Wangechi. Huyo ni mtoto wa nani?"

Nikashusha shali. Mashavu mawili makubwa ambayo sijawahi kuyaona maishani.

Mama mmoja akatoka msalani mbio, yule yule aliyenitabasamia. "Wewe! Unapeleka wapi Brayo wangu?"

Kliniki ikalipuka kwa kicheko. Kuna mwenye alikaa chini kabisa, sakafuni. Na pale kitandani, ndani ya shali ya manjano, Wangechi alikuwa ameamka, ananitazama kimya kama landilodi aliyekuja kudai kodi.

Tukampima bila shali wala sweta. Kilo saba na nusu.

"Huyu yuko sawa kabisa," sista akasema, akijipangusa machozi. "Hana shida. Hata hakuwa na shida."

Karibu nilie kwa furaha. Ndipo nikakumbuka simu haijakatwa. "Mama, umesikia? Yuko sawa! Hakuna haja ya kumpeleka Othaya!"

"Nimesikia yote," Cucu akasema. "Kwa uzito sina neno. Abaki huko. Lakini kesho nakuja mimi, nikae hapo kwenu mwezi mzima, mpaka wewe na mtoto mjuane."

Akakata.

Sasa mwenye atacheka hapa ndiye ataenda kumpokea stendi.