Kata Tatu za Mama Kandida

Leo nimeadhirika, tena mchana kweupe, tena nikiwa nimevaa shati la kupiga pasi. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi kwa sababu mgongo umekataa kushirikiana nami. Naomba msome hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Kwa wasionijua, nauza pembejeo hapa Nachingwea mjini: dawa za mikorosho, mbegu, mabomba ya kupulizia. Mtu akija kununua salfa, namweleza na mambo ambayo hakuuliza. Ndivyo nilivyoumbwa, napenda mtu aondoke ameelewa. (Nimesikia kuna wateja wanaopiga simu kwanza kuuliza kama nipo dukani. Nikiwepo, wanakwenda duka jingine.)

Katika kundi letu la kwenye simu la wapenzi wa pombe za kienyeji, mimi ndiye mwelezaji mkuu. Tumo watu wa Nachingwea na Ruangwa, na kila mmoja anasifia ya kwao. Wapo wa uraka, ile ya mabibo ya korosho. Wapo wa pombe ya mtama. Mimi ni mtu wa komoni, pombe ya mahindi, na si komoni yoyote ile, bali ya mke wangu, Mama Fredi. Niliwahi kuiandika hivi kwenye kundi: "Ni laini, ina utamu unaobaki ulimini, na unaweza kunywa jagi zima jioni, asubuhi ukaamka na kichwa chepesi kama sufi."

Wenzangu walishangaa sana hapo penye kichwa. Nikawaelewesha kwa upole kwamba siri iko kwenye kimea. Bia za chupa mimi siziwezi, nikinywa moja tu nyumba inazunguka. Hilo nalo nililitolea maelezo: ni kemikali.

Niongeze kitu kimoja. Nilikokulia, Mkotokuyana, nyumbani kwetu haikuingia pombe. Nimeijua ukubwani, na mwalimu wangu ni komoni ya Mama Fredi. Likumbukeni hili, litatusaidia mbele.

Leo basi ndiyo siku tuliyopanga kukutana ana kwa ana, kila mtu aje na pombe ya kwake, tuonje, tumalize ubishi. Mwenyeji ni Bosko, mwanakundi wa Mbekenyera. Nikaamka mapema, nikambeba Mama Fredi, yaani galoni lake. Nikapanda gari hadi Ruangwa mjini, kisha bodaboda. Maelekezo ya Bosko yalikuwa haya: "Ukishapita shule, nyumba yenye mkorosho mkubwa mbele."

Mkorosho mkubwa. Mbekenyera. Mtu anayeuza dawa za mikorosho nilitakiwa kushtuka hapo hapo. Sikushtuka. Mkorosho wa kwanza kuuona ulikuwa mkubwa, na chini yake walikaa watu wamezunguka mtungi, kata ya kibuyu inapita mkono kwa mkono. Nikamlipa bodaboda, akaondoka zake.

"Hodi wenyewe."

"Karibu mgeni," akasema mama mmoja mwembamba mwenye kanga kiunoni. Nikadhani ni mke wa Bosko. Bosko mwenyewe sikumwona, nikadhani amekwenda kupokea wengine barabarani. Nilidhani mambo mengi sana leo.

"Nimechelewa?"

"Hujachelewa, baba, ndiyo kwanza tunaanza. Umetokea wapi?"

"Nachingwea."

Wakatazamana. Mzee mmoja, ambaye wenzake walikuwa wakimwita Mzee Chinguile, akaweka mkono sikioni. "Nachingwea yote hiyo? Kwa ajili ya hii?"

"Mzee, kwa ajili ya hii ningetoka hata Lindi."

Yule mama akashika kifua. "Mungu akubariki, baba. Wengine majirani tu, na hawajaja."

Nikamkabidhi galoni langu, nikamwambia ni zawadi kutoka nyumbani, akaliweka barazani. Nikaona majembe yameegemezwa ukutani, mengi, yamepangwa vizuri. Nikafurahi. Nikajua wenzetu wa Ruangwa wameamua kupamba mahali kiasili.

Kata ikanifikia. Nilikuwa nimeona wenzangu wanavyokunywa: mtu anaimaliza kwa mkupuo, anafuta mdomo, anampa mwenzake. Nikawahurumia. Hawajafundishwa. Mimi nikanusa kwanza. Nikafumba macho. Nikanywa taratibu hadi mwisho, kisha nikawafafanulia kwamba huu ni uraka wa mabibo yaliyoiva vizuri, kwamba unaanza na utamu, halafu unakwaruza koo kidogo, halafu unaacha harufu ya korosho puani.

Wakanisikiliza. Kijana mmoja mwenye kofia akamnong'oneza mwenzake, "Oya, huyu mwamba vipi?"

"Ila ladha ya kwanza hudanganya," nikasema. "Naomba ya pili."

Mzee Chinguile akasogea mbele. "Ya pili?"

"Ya pili."

"Utaiweza?"

"Mzee wangu, mimi nikianza siishii moja."

Mama akanipa ya pili kwa mikono yote miwili, kama anampa padri. Nikanywa. Nikaeleza. Kisha, kwa kuwa ya kwanza hudanganya na ya pili husahihisha, nikawaambia ya tatu ndiyo hutoa uamuzi. Yule kijana wa kofia akavua kofia.

"Huyu si mtu," akasema. "Huyu ni trekta."

Nikamshukuru.

Hapo kichwa changu kilianza kuwa na mawazo yake. Mkorosho ukawa kama unasogea. Nikajiuliza mbona uraka huu una kizunguzungu hivi, wakati komoni ya Mama Fredi nakunywa jagi zima na napiga hesabu za duka. Nikahitimisha kwamba wameupika vibaya. Sikusema. Mgeni lazima awe na adabu.

Mara wakaja wanaume wawili, majembe begani. "Mzee Chinguile, tumebakiziwa?"

"Zimekwisha. Mgeni kachukua tatu."

"Tatu? Peke yake?"

"Peke yake. Katoka Nachingwea."

Wale wanaume wakanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. Mmoja akaja kunipa mkono. Kisha wakaamua kwenda kwa mtu mwingine, wakaondoka. Nikawapungia. Nikajisikia vibaya kidogo kwamba nimewamalizia pombe, lakini walionekana hawana kinyongo.

Watu wakainuka. Kila mmoja akachukua jembe lake ukutani. Na mimi nikapewa langu. Nikasema hapa wamejipanga, kuna na picha. Nikasimama vizuri, jembe begani, nikamwomba yule kijana anipige. Nikaituma kwenye kundi na maneno haya: "Tumeshaanza. Wengine mko wapi?"

Simu ikaita papo hapo. Bosko.

"Ndugu, mbona una jembe? Uko kwa nani?"

"Kwako."

"Kwangu nipo mimi. Mbona sikuoni?"

Nikatazama mkorosho. Nikatazama mama. "Samahani mama, jina lako nani?"

"Mama Kandida."

Nikamwambia Bosko. Bosko akauliza kwa sauti ya daktari, "Umekunywa?"

"Nimeonja."

"Umeonja kata ngapi?"

"Tatu."

Baada ya hapo sikusikia neno. Nilisikia mtu anacheka hadi anakohoa, na wengine nyuma yake wakiuliza kuna nini. Mwishowe akaweza kusema, "Hiyo ni pombe ya kulima, bwana. Kata moja, ngwe moja."

Niwaeleze, maana kueleza ndiko kulikobaki. Mvua ikikaribia, mtu mwenye shamba na asiye na mikono ya kutosha anapika pombe. Shamba linagawanywa vipande virefu, kila kipande ni ngwe. Asubuhi unakunywa kata moja, hapo umeshachukua ngwe yako. Mtungi mkubwa uko ndani, unangoja waliomaliza. Hakuna anayeandika wala kuapishwa. Umekunywa, umekubali. Mimi nilikuwa nimekubali mara tatu, kwa ufafanuzi.

Nikamfuata Mama Kandida kumwelewesha kwamba kumetokea mkanganyiko. Nikamweleza kundi, Bosko, mkorosho. Alinisikiliza vizuri, bila kunikatiza. (Watu wachache sana hunisikiliza hivyo.)

"Nimekuelewa, baba," akasema. "Nenda tu, hujanikosea kusudi. Ila mabibo ya kupika tena sina, na wale wawili wameshashika ngwe za watu kwingine. Zako tatu ziko katikati ya shamba. Mvua ikinikuta hivyo, hapo katikati sitapanda kitu mwaka huu."

Akainama kufunga kanga yake. Afadhali angenitukana.

Nikakunja suruali.

Ndugu zangu, mimi nimewaelekeza wakulima wa wilaya nzima jinsi ya kutayarisha shamba. Nina hata mchoro dukani. Sikujua kwamba ardhi ya mwezi huu, kabla ya mvua, inarudisha jembe kama ukuta. Wenzangu walikuwa mbele wanaimba, mimi nyuma nikilima nimevaa viatu vya kuchongoka. Uraka ukawa unanipindisha, ngwe yangu ikaenda kama nyoka. Mzee Chinguile akarudi kuniangalia.

"Mgeni, hiyo ni ya jirani yako unalima."

"Nilidhani ni yangu."

"Yako ni ile uliyoikanyaga."

Nilikuwa bado kwenye ngwe ya kwanza, viganja vimeshatoa malengelenge, nilipowaona. Kundi zima, Bosko mbele, mtu mnene mwenye sauti nene, wakija kunitazama kama wanakuja kuona mnyama. Siku zote nilitamani kukutana nao. Sikutamani wanikute nimekaa juu ya kisiki nikipuliza mikono.

Walipomaliza kucheka (walichukua muda), Bosko akaona haya kwa ajili yangu. "Mzee, tupeni majembe tumsaidie."

Mzee Chinguile akatikisa kichwa. "Hamjanywa."

"Tutalima bure."

"Bure hapana," akasema Mama Kandida, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mtu akinilimia bila kunywa kwangu, kesho watasema Mama Kandida siku hizi anaomba. Siombi mimi, napika. Na kata za asubuhi zimekwisha."

Mtungi wa ndani ulikuwa wa waliomaliza, haukuguswa. Pombe za Bosko na wenzake zilikuwa zimetoka nyumba za watu wengine, hazikuhesabika. Wote wakakwama. Na hapo ndipo mimi, kwa kiherehere changu, nikakumbuka.

"Mama, galoni langu. Nilikupa wewe, ni lako. Wanyweshe hilo. Komoni ya Mama Fredi." Nikawageukia wenzangu nikiwa na jembe mkononi. "Hii ndiyo ile niliyokuwa nawaeleza."

Nikajua sasa heshima yangu inarudi. Mama Kandida akamimina, akaonja yeye kwanza, kama mwenye nyumba anavyotakiwa. Akaonja tena. Akampa Mzee Chinguile. Mzee akaonja, akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa. Bosko akachukua kata, akanywa, akatazama ndani yake kana kwamba kuna kitu kimezama.

"Ndugu yangu," akasema, "hii ni togwa."

Nikacheka. Nikaanza kuwaelewesha kwamba komoni iliyotulia huwa hivyo, laini.

"Togwa," akasema Mama Kandida. "Unga uleule, kimea kilekile, lakini haijalala hata siku mbili ichachuke. Hii nawapa wajukuu wangu wakienda shule."

"Lakini miaka yote..."

"Ndiyo maana unaamka na kichwa chepesi," akasema Bosko.

Nilisimama pale nikijaribu kupata maelezo. Kwa mara ya kwanza maishani, hayakuja. Yule kijana wa kofia alikuwa amelala chini kwenye udongo, anapigapiga ardhi kwa kiganja.

Mama Kandida peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama zile ngwe mbili ambazo hazijaguswa, kisha wingu lililosimama upande wa Nanganga. Akafikiri. Kisha akatoa hukumu.

"Imetoka mkononi mwangu, kwa hiyo ni yangu. Lakini si pombe kamili. Atakayekunywa kata yake, alime nusu ngwe."

Basi wapenzi wa pombe za kienyeji wa wilaya mbili, waliotoka makwao asubuhi kuja kulewa kistaarabu, wakapanga mstari chini ya mkorosho wakanywa togwa. Wakashika majembe. Bosko alilima nusu yake akinitaja jina kwa kila pigo. Ngwe zangu mbili za mwisho zikaisha, ya kwanza nikaimalizia mwenyewe, imepinda lakini imelimika. Mama Kandida alipita katikati ya shamba kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, aliporudi akatufungulia mtungi wa ndani. Mimi nikaomba togwa iliyobaki.

Nikampigia Mama Fredi nikiwa njiani kurudi. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini ili bodaboda asisikie, ile komoni huwa anailaza siku ngapi.

"Komoni ipi?"

"Ile unayonipikia."

"Mimi nakupikia togwa, Baba Fredi. Wewe ndiye uliyeiita komoni. Siku ya kwanza ulikunywa, ukaanza kunieleza ilivyopikwa, ukaeleza hadi chakula kikapoa. Nikasema sasa nimkatize vipi?"

Kwenye kundi wameshanibadilishia jina, sasa naitwa Nusu Ngwe. Anayetaka kucheka na acheke, ila naombeni mcheke taratibu: kichwa kinaniuma, na ndiyo mara yangu ya kwanza.