Paka wa Ghala la Kyandulu Apewa Jina

Mheshimiwa Bwana DO, afisa wetu wa tarafa, ambaye gari lake limepanda mlima huu wa Mbooni mpaka likachemka na bado likafika. Mheshimiwa Mchungaji Ndolo, ambaye maombi yake ya kufungua mkutano yamekuwa marefu kuliko mvua yote tuliyopata mwaka huu. Machifu wasaidizi wangu mliopo, na wale waliotuma udhuru wa tumbo. Wazee wa kijiji, wazee wa kanisa na wazee wa kawaida. Mwenyekiti wa Kamati ya Ghala, ambaye ni mimi. Mwekahazina wa Kamati ya Ghala, ambaye ni mke wangu. Msafirishaji rasmi wa Kamati, shemeji yangu Mutie, mwenye lori. Askari Ndeti, mlinzi wa mlango. Akina mama mlioketi chini kwa heshima. Akina baba mliosimama kwa ukaidi. Na wewe mgeni wa heshima, uliye ndani ya kikapu kile chenye kifuniko pale mezani, ambaye bado hatuna jina la kukuitia: nawasalimu nyote kwa niaba ya Chifu wa Lokesheni ya Kyandulu, Bwana Mwangangi, yaani mimi mwenyewe. (Makofi machache. Kikapu kinalia.)

Asante. Hata yeye ameitikia.

Sasa, kabla sijazama katika hotuba, naona akina mama wote mmekuja na vyondo, vikapu vyenu vya kusuka, vikiwa vitupu. Viwekeni chini, viondoeni magotini, vinamharibia Bwana DO picha. Leo si siku ya kupima mahindi. Leo ni siku ya jina. (Minong'ono. Sauti ya mwanamke: "Chifu, jina halipikwi!") Nani huyo? Ni Mwaitu Mutindi. Mwaitu, mimi nakuheshimu kama mama aliyenizaa, lakini tulia kidogo, mambo matamu yako mbele.

Kwa faida ya Bwana DO, ambaye ameletwa kwetu juzi tu baada ya Makueni kuwa wilaya na mji wa Wote kuwa makao makuu, nitatoa historia kwa ufupi, nikianzia mbali. Ule mwaka mvua iliponyesha vizuri, mimi, bila kushauriwa na mtu, kwa maono yangu tu, nilianzisha Mradi wa Akiba ya Chakula, Phase One, ambapo kila boma katika lokesheni hii lilitoa debe la mahindi, yahifadhiwe katika ghala moja la kisasa, ili siku njaa itakapokuja tusiwe watu wa kutangatanga. Na walitoa! Mwaitu Mutindi huyu mnayemwona, na mgongo wake huo, alibeba debe lake kichwani kutoka kule chini mtoni, akikataa kusaidiwa. Ghala likajengwa, Bwana DO, ndilo hilo nyuma yangu: bati safi, sakafu ya simenti, mlango wa chuma, kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi, na ufunguo wake ninao hapa shingoni, haujawahi kulala mahali pengine.

Basi njaa imekuja, kama nilivyotabiri. (Sauti: "Mahindi nayo yako wapi?") Nilisema katika baraza lililopita na narudia: panya! Panya, wananchi, panya wa kizazi kipya, wanaotafuna hata nia ya mtu. Kulingana na utafiti uliofanywa na ofisi yangu, nikiwa nimekaa ofisini, asilimia mia moja na kumi ya mahindi yetu imeathirika. (Kicheko.) Msicheke. Ile kumi ni ya tahadhari.

Je, serikali ya lokesheni ilikaa kimya? Haikukaa. Tuliunda sabukamati ya paka. Sabukamati ikasafiri hadi Emali kwa ziara ya mafunzo, tukalala huko, tukala nyama huko, tukawatazama paka wa soko kwa kina, mmoja mmoja, tukajionea wenyewe implementation ya paka. Tukarudi na azimio moja tu: kwamba lokesheni ijichukulie paka wake rasmi. Na bahati nzuri paka alikuwepo hapa hapa, kwa Mwaitu Mutindi, dume la kijivu, mnene, shingo imejaa, manyoya yanang'aa, amenona hata mjumbe mmoja akauliza kama ni sungura wa kuuza. Mwaitu alikataa kumtoa. Alisema ndiye mwenzake wa pekee nyumbani tangu mumewe afariki. Nikamwelimisha kwamba maendeleo yanahitaji kujitolea, na Askari Ndeti akamchukua huku elimu ikiendelea. Akatiwa ghalani mwezi uliopita, mlango ukafungwa, na tangu siku hiyo, wananchi, hakuna panya hata mmoja aliyelalamika ofisini kwangu. (Kicheko. Mwaitu Mutindi hacheki.)

Leo asubuhi nimempa Ndeti ufunguo kwa dakika chache tu, amemtoa paka, amemweka katika kikapu kile, na sasa tumpe jina. Kwa nini jina? Bwana DO, wewe unatoka kwingine, acha nikufundishe mila za hapa. Kwetu sisi Wakamba mtoto asiye na jina bado hajaingia nyumbani, ni mgeni tu anayelia. Na jina hatuliokoti barabarani. Tunalitoa kwa mtu. Na ukishapewa jina la mtu, wewe ni yule mtu, hakuna mzaha hapo. Mama mwenye mtoto wa kiume aliyeitwa kwa jina la babu yake utamsikia akimwambia, "Baba, njoo unywe uji," na mtoto bado hajaota meno! Mimi mwenyewe shangazi yangu alikuwa haniruhusu nichapwe, maana kunichapa ilikuwa ni kumchapa baba yake. Kitu kingine, na hiki ni muhimu: mwenye jina, yule mtu mzima lilikotoka, huwalisha waliokuja kushuhudia. Hiyo ni lazima hapa Kyandulu. Akishindwa, jina hilo linakuwa la aibu.

Mapendekezo tumeyapokea. Mheshimiwa Mchungaji alitaka paka aitwe Yusufu, kwa sababu Yusufu alisimamia maghala ya Misri. Ni wazo zuri la kiroho. Lakini Kamati iliona kwamba Yusufu, njaa ilipokuja, alifungua maghala yote mbele ya watu, na hilo kwa upande wa security halijakaa vizuri. (Mchungaji anainamisha kichwa.) Shemeji Mutie akasema Simba. Shemeji, asante, kaa chini. Ofisi yangu nayo iliandaa jina la kitaalamu, nalo ni Mratibu Mkuu wa Udhibiti wa Wanyama Waharibifu Wadogowadogo. (Sauti: "Na akipanda paa utamwitaje ashuke?") Tutaunda sabukamati ya kumshusha.

Ndiyo, Mwaitu Mutindi. Umesimama. Bwana DO anasema uachwe uzungumze. Mimi pia ndivyo nilivyokuwa nasema.

Nyamazeni. Anasema... anasema yeye ndiye aliyemlea paka huyu tangu hajafungua macho, kwa hivyo kutaja jina ni haki yake. Sawa, hiyo nakubali. Anasema ametafuta katika lokesheni nzima mtu mkubwa anayestahili, na ameona ni mmoja tu. Anasema paka aitwe Mwangangi. (Vigelegele vya akina mama wote.)

Aiya! Mwaitu! Wananchi, machozi haya si ya vumbi. Mmeona? Mmeona mambo? Huyu mama, ambaye asubuhi hii hii ameniita mwizi pale njiani, nimemsamehe papo hapo! Bwana DO, katika miaka yangu yote ya utumishi nimepewa barua za sifa, nimepewa kofia mbili, nimepewa jogoo, lakini sijawahi kupewa mrithi wa jina mbele ya umati. Nimekubali! Nimekubali kikamilifu, kimila na kiutawala! Kuanzia saa hii paka huyu ni mimi, na mimi ni yeye. Aliyemgusa amenigusa. Alichokula yeye nimekula mimi, na nilichokula mimi amekula yeye, na asije mtu kesho akaleta utofauti kati yetu! Bwana DO uwe shahidi. Ndeti, inua kifuniko, Mwangangi awaone watu wake! (Askari Ndeti anasitasita. Anainua kifuniko. Paka anatoka, anasimama juu ya meza, anayumba.)

Ndeti.

Ndeti, huyu ni nani? Nakuuliza kwa sauti ya chini, usinijibu kwa sauti ya juu. (Ndeti: "Ndiye yule yule, afande.") Huyu? Mbona mbavu zinahesabika? Mbona shingo imekuwa hivi? Mwaitu, usilie. Mwaitu, tafadhali, kuna wageni. Ndiyo, najua alikuwa mnene, nimetoka kusema mwenyewe alikuwa mnene. Wananchi, tusiende mbio. Hali hii ina maelezo. Paka amekonda kwa sababu ya kazi. Kufukuza panya usiku na mchana si mchezo, hata nyinyi mkijaribu... (Sauti: "Alikuwa anawafukuza halafu anawaacha?") Ngoja. Alikuwa anawafukuza kwa nguvu kiasi kwamba walihama wote, ndiyo maana hakupata wa kula. Huo ni ushindi! Ghala letu halina panya hata mmoja! (Sauti nyingi: "Basi mahindi yapo!") Eee... yapo kwa maana ya...

Mwaitu Mutindi, umeshasema, umetupa jina, inatosha. Bwana DO anataka uendelee. Haya, endelea.

Anasema nini? Sauti yako haifiki huku, Mwaitu, na pale inapofika ningependa isifike. Anasema kwamba sasa tuna akina Mwangangi wawili, na mimi mwenyewe nimeapa kuwa ni mtu mmoja. Anasema ghala ni moja, ufunguo ni mmoja, njaa ni moja. Mwangangi aliyefungiwa ndani amekonda. Mwangangi aliyebaki nje... mama, mbona unanyoosha kidole kwenye tumbo la serikali? (Kicheko kinachoanza mbele na kwenda mpaka nyuma. Akina mama wanasimama, vyondo mikononi.) Na anasema mila ni mila, mwenye jina awalishe mashahidi, na mashahidi ndio hawa, na vyombo wamekuja navyo.

Kaeni chini! Kaeni! Bwana DO, sioni haja ya wewe kusimama. Ufunguo? Ufunguo huu una kutu kidogo, Bwana DO, unahitaji mafuta, tunaweza kupanga ziara rasmi mwezi ujao, tukawa na chai, tukawa na kwaya ya akina mama... Hapana, sikatai. Nani amesema nakataa? Ni huu uzi tu umenasa kwenye kola. Asante kwa kunisaidia kuuvua. (Bwana DO anampa Ndeti ufunguo. Mlango wa chuma unafunguka. Umati unasogea. Ndani kuna sakafu tupu ya simenti, safi, bado inang'aa tangu ilipolainishwa na fundi. Pembeni kuna kipande cha ugali kilichokauka.)

Ule ugali si wangu. (Ndeti: "Ni wangu, afande. Nilikuwa nampitishia chini ya mlango. Alikuwa analia.") Ndeti, wewe nitakuona baadaye. Au pengine sitakuona.

Wananchi, msinitazame hivyo. Hamjawahi kuona ghala safi? Hakuna punje sakafuni, hakuna kinyesi cha panya, hakuna vumbi la mahindi. Mnajua ni kwa nini? Ni mipango! Ofisi yangu iliona mbali, kwamba mahindi yakiingia ghalani panya nao wataingia, kwa hivyo kama hatua ya kinga tuliamua yasiingie kabisa! Panya wamekosa, tumewashinda! (Hakuna anayepiga makofi. Mzee mmoja anatema mate.)

Nakaribia kumaliza, naona Bwana DO anatazama saa. Tupaze sauti pamoja. Kyandulu yenye chakula! (Kimya.) Ghala moja, lokesheni moja! (Kimya.) Harambee! (Paka analia.)

Asante, Mwangangi.

Sasa shukrani. Namshukuru Mchungaji, ambaye amefumba macho ingawa hakuna anayeomba. Namshukuru shemeji Mutie, ambaye nafasi yake hapa mbele naona imebaki kiti kitupu, na ambaye lori lake lilibeba madebe yenu siku ile ile mliyoyaleta, likashuka nayo moja kwa moja hadi barabara ya Mombasa bila kupita ghalani, na hivyo kuokoa gharama za kupakua na kupakia. Nawashukuru wajumbe wa Kamati ya Ghala, nao ni mimi na mke wangu. Na kwa namna ya pekee nawashukuru panya, ambao nimewasingizia mengi katika mabaraza matatu, na ambao hawakuweza kuhudhuria leo kwa sababu hawajawahi kuwepo.

(Mwaitu Mutindi anamwinua paka kutoka mezani, anamtia ndani ya kyondo chake, anakiweka mgongoni. Sauti yake: "Mwangangi, baba, twende nyumbani.")

Naam, Mwaitu! Nakuja! Nilijua una moyo wa mzazi, nilijua huwezi kuniacha hapa mbele ya... Ah.

Unamwambia huyo.

(Sauti ya Bwana DO, mlango wa nyuma wa gari ukiwa wazi: "Mwangangi, twende.")

Ndiyo, afande. Huyo ni mimi.