Mkono wa Kusalimia

Jumatano, 4 Juni

Shajara yangu mpendwa, hujambo? Umelalaje na baridi hii? Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, isipokuwa zile figo.

Leo kliniki, Nyeri. Nesi Sophie ati figo zikichoka, kinga ya mwili nayo husinzia. Mafua yanayompitia mwingine kama upepo, mimi yaweza kunilaza na kumaliza figo zilizobaki. Nichanjwe leo, nikae mbali na wanaokohoa. Msichana wa juzi! Anajua tunamchagua mwenyekiti wa akina mama kanisani tarehe kumi na tano? Hajui. Sindano huvimbisha mkono. Ukivimba, nitasalimia wapiga kura na nini? Nikakataa. Mume wangu Mwai akanung'unika mpaka nyumbani Mweiga. Ng'ombe wake hunung'unika kwa sababu nzuri zaidi.

Jumapili, 8 Juni

Kwetu ibada ikiisha, kila anayetoka husalimia mstari wote uliosimama nje, kisha naye hujipanga mwishoni. Hakuna kampeni kama hiyo! Hila yangu: glavu nyeupe za sufu. Virusi vife njaa humo.

Monicah, mpinzani wangu, sauti ya debe tupu, akatangaza ati mimi, Mama Kingori, siku hizi naogopa mikono ya maskini. Watu wakacheka. Glavu nikazitupa! Nikasalimia mstari mzima, wenye makamasi kwanza. Monicah mwenyewe nikamkumbatia. Akapiga chafya shingoni mwangu. Upendo wa Kikristo, wote wakaona.

Jumatano, 11 Juni

Homa. Mifupa kama imetwangwa. Mwai ananitazama kama viazi vilivyounguzwa na baridi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimelazwa wadini, Nyeri. Daktari ati figo zimeshuka vibaya. Zisipoinuka, ni mashine ya kusafisha damu. Mwai alitoka nje, akarudi macho mekundu. Ati vumbi. Vumbi, na mvua yote hii! Nikamwagiza aende Mweiga awakumbushe wanawake kura yangu. Akakataa. Mara ya kwanza tangu tuoane! Akakaa tu na barakoa yake, ameushika mkono wangu. Mkono wa mwanamume, hata kura hauna.

Jumapili, 15 Juni

Monicah ameshinda. Kwanza akaniombea mbele ya wote, kanisa likalia. Mjanja! Jirani yangu Nduta amepiga simu: Monicah ana ugonjwa wa sukari, alichanjwa Aprili. Mafua yake yaliisha kwa siku mbili, akaenda kuvuna viazi. Bahati ya waovu.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeruhusiwa! Figo zimeinuka kidogo, mashine imenikosa. Bwana asifiwe. Sophie akanisubiri mlangoni na chanjo. Nikamwambia Jumapili tunamchagua mweka hazina, asubiri. Akauliza, polepole kama anayeongea na mtoto, kwa nini nisichanjwe mkono wa kushoto.

Wa kushoto! Na mkoba niubebe na nini? Mweka hazina bila mkoba? Mwai akaketi kwenye ngazi, akafunika uso. Vumbi tena.

Glavu nilizotupa Mwai aliziokota, akazifua. Sasa shajara yangu, nakuomba unijibu upesi, kabla ya Jumapili: nizivae mapema, nipate za kuvua mbele ya watu?