Kamati ya Kunipeleka Kisiwani Nikiwa Hai

Selipher,
Mtaa wa Baghdadiyah, Jeddah.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Safari ya Kisiwani,
Mtaa wa Naseem, Riyadh.

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni mtoto wa kaka yangu, Naftali,

KUH: MALALAMIKO YA MHUSIKA MKUU, AMBAYE BADO ANAPUMUA

Pokea salamu kutoka Jeddah, ambako joto ni lile lile na goti langu la kulia ni lile lile. Nakuandikia kwa heshima zote zinazostahili kiti chako, ingawa mimi ndiye niliyekuogesha kwenye karai ukilia kwamba sabuni inawasha.

Nianze kwa kukukumbusha nilichoomba, kwa maana naona kimepotelea njiani. Mwezi uliopita nilikuambia kwa simu kwamba madam amenipa exit, ruhusa ya kuondoka, kwamba ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, inaisha mwisho wa mwezi huu, na kwamba baada ya miaka ishirini na mmoja ya kulea watoto wa watu narudi nyumbani Kimilili, halas, sirudi tena. Nikakuambia kuna kisiwa cha mchanga mweupe, mwendo wa saa moja kwa boti kutoka hapa. Watoto niliowalea wamekwenda huko mara nyingi, na kila mara mimi nilibaki nikipiga pasi nguo ambazo wangevaa wakirudi. Nikasema ningependa kukiona kabla sijapanda ndege, ila goti halitaki ngazi. Ukanijibu, "Shangazi relax, hiyo tutaipanga." Ningejua maana ya kupanga ningefunga mdomo wangu.

Mkaunda kamati. Siwalaumu. Wakenya watatu wakikutana ugenini, mmoja huwa mwenyekiti, wa pili katibu, na wa tatu hununa kwa sababu hakupata cheo. Lakini wewe na mimi twajua kamati zetu za huku zimezoea kazi moja tu, ya kumrudisha mwenzetu nyumbani ndani ya sanduku. Ya mwisho ilikuwa ya Emmah, msichana wetu aliyekuwa akifanya kazi kule Balad, na kusema kweli tuliifanya vizuri. Likizo hamjawahi kupanga hata moja. Kwa hiyo mmefungua daftari la kazi ile, mkafuta neno moja juu ya ukurasa, mkaandika "kisiwa", na mengine yote mkayaacha kama yalivyokuwa. Malalamiko yangu ni haya.

1. Jina la kikundi cha WhatsApp. Mmekiita "Safari ya Mwisho ya Shangazi Selipher". Katibu wako Morgan anasema alimaanisha safari ya mwisho nikiwa Saudia. Sawa. Lakini siku ya pili nikatolewa kikundini, na nilipouliza sababu, Morgan akaandika, "Auntie, mhusika huwa hayuko kwa group." Huwa hayuko kwa sababu huwa amekufa, Morgan! Hana kidole cha kubonyezea! Tangu siku hiyo habari zangu mwenyewe nazipata kwa Beverly, anayefanya kazi jengo la pili kutoka letu. Tunapokutana kutupa taka ananionyesha simu yake haraka haraka, kama mtu anayeuza saa ya wizi.

2. Tangazo. Mmechukua picha yangu ya pasipoti ya kwanza, ile niliyopigwa nikiwa nimekodoa macho kwa sababu mpiga picha alinikataza kucheka. Mmeiwekea mshumaa upande wa kushoto na njiwa upande wa kulia. Chini yake mmeandika 2004 hadi 2025. Morgan anaeleza kwamba hiyo ndiyo miaka niliyofanya kazi huku. Najua hesabu hiyo, niliifanya kazi mimi. Tatizo ni kwamba tangazo lilifika Kimilili kabla ya chakula cha mchana. Baba yako, kaka yangu wa tumbo moja, akaanguka kwenye kiti. Nilipompigia simu kumwambia niko hai, akaniuliza kwa ukali, "Wewe ni nani unatumia simu ya marehemu?" Ilibidi nimkumbushe mbuzi wa mama aliyemuuza kwa siri tukiwa wadogo, akasema ameliwa na mbwa. Sasa ameamini niko hai, lakini amenikasirikia kwa sababu mke wake alikuwa amesimama hapo akisikiliza. Turubai nalo limeshafika uani, na wenye turubai wamegoma kulirudisha kabla shughuli haijafanyika. Naomba kamati iwaeleze wao shughuli ni ipi.

3. Wasifu wangu. Nasikia Morgan atausoma kwenye boti kwa dakika arobaini. Boti yenyewe inachukua saa moja. Beverly amenisomea rasimu yote, na nina masahihisho. Palipoandikwa "Alikuwa mtu wa watu", iandikwe "Ni mtu wa watu, isipokuwa Morgan". Palipoandikwa "Alipenda chai yenye tangawizi", ijulikane kwamba bado naipenda, na nilipokuwa nasomewa nilikuwa nimeshika kikombe. Palipoandikwa "Ameacha watoto wawili na wajukuu watano", sijaacha mtu. Nawaendea. Na sentensi inayosema "Aliugua goti kwa muda mrefu, akalivumilia mpaka dakika ya mwisho" iondolewe kabisa, kwa maana nikiisoma naanza kujihurumia, na kazi ya pasi haijaisha.

4. Kubebwa. Hapa naomba ukae chini. Nilisema goti halitaki ngazi, na boti ile ina ngazi ya kuteremkia majini. Mtu wa kawaida angetafuta kiti cha plastiki, au angemuuliza mwenye boti wazee wengine huteremka vipi. Kamati imeteua vijana sita, watatu kila upande, waliopangwa kwa kimo. Nimeiona video ya mazoezi. Mko uani kwa kafili wako, tajiri aliyekuajiri, mmebeba ubao wa kupigia pasi, juu yake magunia mawili ya mchele yamefunikwa shuka jeupe, nanyi mnaimba ule wimbo. Unajua ni wimbo upi. Mlinzi wa jirani alivua kofia.

Mlipofika kwenye kona ya karakana mkasimama mkaanza kubishana kama nitangulize kichwa au miguu. Wewe mwenyewe, Naftali, nikakusikia ukisema kwa sauti ya mwenyekiti, "Desturi ni miguu mbele, yalla, tusonge." Beverly alipouliza kikundini kanuni hizi zimetoka wapi, akajibiwa kwamba zote ziko kwenye lile daftari. Basi nadai ukurasa huo uletwe kwangu, na mtu aliyeuandika atafutwe popote alipo, asimame mbele ya kamati, aulizwe ana akili timamu au la. Mtu anayejua kupanga watu kwa kimo lakini hajui kumuuliza mtu anataka kwenda wapi si wa kukabidhiwa kalamu.

5. Tishati. Ni nyeusi. Katika jua la Jeddah, kwenye kisiwa ambacho hakina mti hata mmoja, mmeniandalia watu thelathini waliovaa nyeusi. Beverly ndiye aliyechagua rangi, na kwa kuwa ananiletea habari sitamsema sana. Anasema nyeusi haionyeshi jasho. Mgongoni imeandikwa "Daima Mioyoni Mwetu". Tena yangu ni saizi ndogo kwa sababu, nanukuu, "yake ni ya kutandazwa tu kwa juu".

6. Ratiba ya siku. Nimeisoma mara tatu, na hapa naacha mzaha kidogo. Saa tatu, kuwasili. Kisha neno la mwakilishi wa madereva, neno la mwakilishi wa walinzi, neno la wapishi, neno la waliotoka mbali. Kisha neno la familia, ambalo ni wewe. Kisha mhusika kuketishwa mbele, peke yake, chini ya mwavuli, ili watu wapite mmoja mmoja wakimtazama. Chakula. Shukrani. Kuondoka saa kumi kamili, kwa sababu basi la Riyadh halisubiri.

Naftali, hakuna mahali palipoandikwa bahari.

Nimekaa Baghdadiyah miaka ishirini na mmoja. Upepo wa bahari unaingia hadi jikoni kwangu, chumvi yake naifuta kwenye vioo vya madam kila Jumamosi. Kule Corniche, ufukweni, nimekwenda mara nisizoweza kuhesabu, na kila mara nilikuwa nimeshika mkono wa mtoto wa mtu, na mkono wa pili mkoba wa nepi, nikipiga kelele, "Usiende mbali!" Sijawahi kutia mguu majini. Ukitia mguu majini mtoto anakuponyoka, na mtoto si wako. Nilichotaka ni kusimama ndani ya maji mpaka magotini, hili zima na hili bovu, mikono yangu yote miwili ikiwa mitupu. Ni hilo tu. Imeniuma kuona kwamba katika ratiba yenye waheshimiwa watano wa kusema neno, hilo halikupata hata dakika tano.

7. Kwa kuwa kamati imeshanizika, na kwa kuwa sipendi kazi ya kamati iharibike, naomba basi nipewe haki zote za marehemu, kuanzia leo hadi siku ya ndege. Kwanza, nisisemwe vibaya na mtu yeyote, hata kuhusu ile pilau ya Krismasi. Pili, Morgan alie. Si kufuta macho kwa leso kavu. Alie hadi ashikiliwe. Tatu, madam aandikiwe barua rasmi kwamba marehemu hapigi pasi, hasafishi zulia, na haamshwi kutengeneza kahawa ya wageni. Nne, mtu akae nami kila siku akinisimulia mema yangu, kwa zamu, nami nitalala nikisikiliza. Tano, kila ninachotaka kifanyike bila swali, maana wosia haujibiwi. Na wosia wangu ni huu: safari ifutwe. Kamati ivunjwe. Ubao urudishwe kwa mwenye nao, na mchele upikwe. Nitapanda ndege yangu nikiutazama huo ujinga wenu wa kisiwa kutoka dirishani, nikiwa mzima, nimekaa kwenye kiti changu, miguu ikiwa chini inakostahili kuwa.

Natumaini kamati itayazingatia haya kwa uzito wake na kunijibu kwa maandishi, kupitia Beverly, kwenye pipa la taka.

Nisalimie wenzako wote wa Naseem. Msalimie kafili wako na umwombe radhi kwa ajili ya shuka. Msalimie yule mlinzi aliyevua kofia; yeye ndiye mtu pekee aliyenipa heshima tangu jambo hili lianze. Kimilili nitajisalimia mwenyewe nikifika, kama baba yako atanifungulia mlango.

Ni mimi, mhusika, mzima wa afya isipokuwa goti moja,

Shangazi yako Selipher.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaikunja barua hii Beverly alipokuja na picha ya ule ukurasa wa daftari niliodai. "Auntie, kaa chini kwanza," akaniambia. Mwandiko ni wangu.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Niliuandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba aliyofanyia kazi Emmah, asubuhi ile ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua tuanzie wapi, nanyi vijana mlikuwa mmesimama mkinitazama mimi. Watu sita, watatu kila upande, kwa kimo. Wavae rangi moja ili wajulikane kuwa ni wenzake. Kila kundi liseme neno, asiondoke kama mtu asiyejulikana. Chini kabisa nimeandika, "Polepole, asitikisike." Nanyi mmeutunza miaka yote hii. Kumbe ndiyo njia pekee niliyowafundisha ya kumpenda mtu.

Habari za kisiwa hiki nilizipata kwanza kwa Emmah. Kila Ijumaa aliniambia twende, na kila Ijumaa nikamwambia wiki ijayo, goti linauma.

Kwa hiyo namba moja hadi saba zisisomwe kikundini. Safari iko. Tishati nyeusi nitavaa, ila mniletee kubwa. Morgan asome wasifu wake wote, hata kwa dakika arobaini. Nibebeni miguu mbele, na ule wimbo muimbe. Emmah tulimfikisha kwenye geti la mizigo la uwanja wa ndege tu, tukarudi kazini. Mimi nifikisheni majini, mniteremshe.