Puto Lililokula Panzi

Jamani, leo nimeadhirika. Mchana kweupe, mbele ya mgeni wa serikali, na shati nimelipiga pasi!

Nawaandikia nyote mlioko Dodoma barua moja, mpokezane, maana sina nguvu ya kulisimulia jambo hili mara mbili. Mnajua kwamba nina cheti cha utabiri wa hali ya hewa kwa ajili ya ndege. (Mnajua sana. Mama amekitundika sebuleni kwetu Kanyenye, na mgeni anaonyeshwa kabla hajapewa maji.) Msichojua ni kwamba cheti peke yake hakitoshi. Lazima aje mkaguzi, asimame ubavuni pako, akuone ukipima, ukitabiri na ukimweleza rubani, ndipo akupe kibali cha kufanya kazi peke yako. Bila kibali, kila unachoandika hutiwa sahihi na mkubwa wako kama vile wewe ni mtoto wa shule. Nimeishi hivyo tangu nilipotoka masomoni. Nimechoka!

Basi leo mkaguzi kaja hapa kwetu uwanja wa ndege. Alipofungua mdomo tu nikajua: Mzaramo! Nikafurahi mno. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo ya misafara kwenda pwani. Nikasema moyoni, mtani hawezi kuninyima.

"Shikamoo, Ndugu Mkaguzi."

"Marahaba, Mnyamwezi. Nasikia hapa mnatabiri mvua kwa kupiga ngoma."

"Tuliacha. Wazaramo walikuja kuicheza, wakasahau kurudi kwao."

Akacheka mpaka akashika mlango. Asubuhi ikaenda vizuri ajabu. Nikasoma vipimajoto, nikataja mawingu kwa majina yake yote, nikaandika utabiri wa uwanja bila kufuta hata neno moja. Mkaguzi akawa anasema "mm, mm," ile ya kuridhika. Nikaanza kutafuta ukutani mahali pa kutundika kibali.

Ikabaki kazi ya puto.

Puto letu ni jeupe, limejazwa hewa nyepesi. Unaliachia, linapanda kwa mwendo unaojulikana, nawe unalifuata kwa darubini iliyosimama kwenye miguu mitatu. Kila dakika unasoma pembe. Ukizikokotoa pembe hizo, unajua upepo wa huko juu unatoka wapi na una nguvu gani. Sharti lake ni moja: jicho lisitoke kwenye darubini. Rubani mmoja alikuwa barazani anakunywa chai, ana masanduku ya dawa za kupeleka Kigoma, anaungoja upepo wangu.

Nikaliachia puto. Mkaguzi akashika kalamu aandike nitakayoyasoma. Dakika ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu na ya nne, safi. Nikafuta jasho, na kwa pembeni ya jicho nikaona kanga naijua.

Mama mkwe!

Alikuwa ametoka Goweko na kapu la karanga za binti yake, yaani mke wangu, akakata njia kupitia uwanjani kwetu. Sasa nyie mmezaliwa huku, mnaijua adabu. Kukutana na mkwe uso kwa uso, tena nimefumba jicho moja na mdomo wazi? Haiwezekani. Miguu yangu haikuniuliza. Nikaiacha darubini, nikakimbilia nyuma ya lile sanduku jeupe tunalohifadhia vipimajoto, nikachuchumaa.

Kumbe naye aliniona. Kumbe naye ana adabu zake. Naye akakimbilia sanduku lile lile, akachuchumaa upande wa pili!

Tukabaki hivyo, mimi huku, yeye kule, katikati vipimajoto vya serikali. Nikasikia anakohoa polepole. Nami nikakohoa. Hatimaye akajifunika kanga kichwani, akaondoka kinyumenyume.

Nikarudi mbio. Mkaguzi hakusogea.

"Umekimbia nini, mtani?"

"Mkwe."

"Aa. Na puto bado unaliona?"

Hapo ndipo shetani alipopita. Angani hamkuwa na kitu. Nikazungusha darubini huku, nikazungusha kule. Nikisema limepotea, kibali kimekwenda. Mara, ndani ya kioo (kioo chenyewe kina ukungu tangu enzi za mkoloni), nikaona doa jeupe, linang'aa, limetulia. Alhamdulillah!

"Naliona, Ndugu Mkaguzi!"

Nikaendelea kusoma pembe kwa sauti ya redio. Upepo ukatoka mashariki. Dakika iliyofuata ukatoka kusini. Kisha magharibi. Kisha kaskazini, kisha mashariki tena.

"Upepo wako unazunguka," alisema mkaguzi, anaandika.

"Naam. Ni kizunguko cha hewa cha tabaka la kati. Hutokea sana ukanda huu." (Sijui nilikitoa wapi. Hakimo katika kitabu chochote.)

"Na sasa puto linashuka?"

"Linashuka, ndiyo. Ni mkondo wa kushuka, mkali kweli. Rubani lazima aonywe."

"Endelea."

Likashuka. Likashuka zaidi. Nikainamisha darubini mpaka nikapiga magoti. Kadiri lilivyokaribia ndivyo lilivyozidi kuwa kubwa, na ndipo nikaona, wallahi, puto lina miguu. Mirefu. Miekundu.

Nikafuta kioo kwa shati, nikatazama tena. Miguu ipo.

"Soma, mtani."

"Puto... limetua, Ndugu Mkaguzi."

"Naliona," akasema. "Linakula panzi."

Korongo! Korongo mweupe, amesimama pembeni ya njia ya ndege, anameza panzi na kututazama. Rubani barazani alipaliwa na chai, ikabidi apigwe mgongoni. Mimi nilibaki nimepiga magoti, maana sikuona sababu ya kusimama.

Mkaguzi alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akaacha kucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

"Sikiliza, mdogo wangu. Kupoteza puto si kosa. Sisi sote tumepoteza. Unasema limepotea dakika ya nne, unampa rubani ulichopima mpaka hapo, basi, umefaulu. Lakini ulitaka kumrusha mtu na dawa za wagonjwa kwa upepo wa kubuni. Cheti chako kizuri, kaa nacho. Kibali sikupi."

Alisema kweli, na nilijisikia vibaya hasa. Rubani aliruka na zile dakika zangu nne za haki, akafika salama. Nimekwisha kuulizia kwa simu ya upepo, tena na tena.

Jioni nilimsindikiza mkaguzi stesheni. Nikamuuliza, kwa unyenyekevu wote, atarudi lini kunipima tena.

"Kiangazi," akasema, mguu mmoja ndani ya behewa. "Korongo wakisharudi Ulaya."

Basi chekeni, lakini chekeni huko huko Dodoma. Atakayenitajia ndege yule siku nikija, naapa nitamtabiria jua siku ya harusi yake, na mnaujua sasa utabiri wangu.